Usukani Mzito Unaopona Wenyewe: Kuisaka Hitilafu ya Pawa Stelingi ya Mazda RX-8 Hapa Malindi

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi. Linalomsumbua ni lile linalougua njiani, likafika gereji likiwa zima. Mwenyewe anakuapia kwamba amelitoa Gede kwa nguvu za mabega. Wewe unaingia, unazungusha usukani kwa kidole kimoja, na kwenye dashibodi hakuna taa hata moja inayowaka. Hapo mafundi wengi humwambia mwenye gari aende zake, arudi likiharibika tena. Mimi niliacha kumwambia mtu hivyo. Barabara yetu ya kwenda Mombasa ina malori, matatu na bodaboda zinazochomoka vichochoroni bila kuangalia, na usukani si kitu cha kuachia bahati.

Nitaeleza kwa kutumia Mazda RX-8, kwa sababu ndilo gari la spoti ninaloletewa zaidi kwa ugonjwa huu. Lilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, kwa hiyo hata lile jipya kuliko yote sasa lina umri wa kutosha waya zake kuchoka. Pawa stelingi yake, yaani mtambo unaomsaidia dereva kuzungusha usukani, ni ya umeme mtupu: haina pampu, haina oili, haina mkanda. Mota imefungwa kwenye reki yenyewe, ule mtambo unaosukuma magurudumu ya mbele kulia na kushoto, chini mbele, mahali panaporukiwa na maji na mchanga. Honda S2000 nayo ni ya umeme, na mengi nitakayosema yanaifaa. Toyota 86 pia ni ya umeme, ila mota yake iko juu kwenye shafti ya usukani, ndani ya gari ambako ni pakavu, na nadhani ndiyo maana sizioni sana. Mwenye Subaru Impreza WRX ya zamani, yenye pampu ya oili, ana sehemu yake kuelekea mwisho.

Kwa nini hupona ukizima na kuwasha

Hili nalieleza kwanza kwa sababu ndilo linalowapoteza watu. Usukani unakuwa mzito ghafla, taa ya usukani inawaka kwenye dashibodi, dereva anasimama kando, anazima gari, anawasha, na kila kitu kiko sawa. Anajiambia kwamba lilikuwa jambo la kupita. Wiki mbili baadaye linamrudia.

Ndani ya reki, pale shafti ya usukani inapoingia, kuna kijiti cha chuma ambacho hujisokota kidogo sana unapozungusha usukani. Sensa hupima msokoto huo na kuipasha habari kompyuta ya usukani: dereva anavuta kulia, na anavuta kwa nguvu kiasi hiki. Kompyuta huangalia pia mwendo wa gari na kama injini inazunguka, kisha huamua mota isaidie kwa kiasi gani. Ukiegesha husaidia sana, ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa husaidia kidogo.

Sasa kompyuta hii imefundishwa woga, na woga wenyewe ni mzuri. Sensa ikileta habari ya uongo, mota inaweza kuvuta usukani upande ambao dereva hakutaka. Kwa hiyo habari ya sensa huletwa kwa njia mbili, ili moja iikague nyingine. Zikipingana, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kompyuta haingoji ufafanuzi. Inakata msaada wote, inawasha taa, na inakataa kurudi kazini mpaka uzime swichi. Ukiwasha tena inajikagua upya, na ikikuta wakati huo waya zinagusana vizuri, inaendelea kama kwamba hakuna lililotokea.

Kwa hiyo kuzima na kuwasha hakuponyi kitu. Hitilafu yenyewe huenda ilidumu chini ya nusu sekunde, muungo wa waya uliachana na kushikana tena, na uzito ulioendelea kuusikia kwa kilomita tano ulikuwa ni uamuzi wa kompyuta tu. Ukilielewa hili hutakimbilia kununua reki. Mota iliyoungua haiponi kwa kuzima swichi. Soketi yenye kutu huonekana kupona kila siku.

Chumvi

Mwambao wote una chumvi hewani, lakini Malindi tunaongeza na ya mikono yetu. Kusi ikivuma, upepo wa bahari unaingia mpaka mitaa ya ndani, na gari linalolala nje Casuarina au Silversand huamka na utando kwenye kioo. Utando huohuo uko chini ya gari, ila hakuna anayeuona. Mwenye kazi Gongoni, karibu na mashamba ya chumvi, hahitaji kuelezwa.

La pili ni kuosha magari. Visima vyetu vingi vilivyo karibu na pwani vina maji ya chumvi. Kijana wa kuosha magari anapiga maji hayo kwa mashine ya presha, juu na chini, na mwenye gari akitaka gari lake la spoti ling'are anaomba na injini ioshwe. Mpira wa soketi umetengenezwa kuzuia maji yanayoruka kutoka barabarani. Haukutengenezwa kuzuia maji ya mashine ya presha yanayopigwa kutoka umbali wa shubiri moja. Maji yanapenya, yanakauka, chumvi inabaki ndani, na tangu siku hiyo kila unyevu wa usiku unaichochea. Nimefungua soketi nyingi za reki, na zile zenye ukoga wa kijani mbaya kabisa karibu zote zilikuwa za magari yanayooshwa chini kila wiki. Wenye kutunza sana ndio huumia zaidi, na jambo hilo hunisikitisha kila nikiliona.

Maswali kabla ya spana

Kijana mmoja aliniletea RX-8 nyeusi ya mwaka 2006. Gereji fulani nje ya Malindi ilikuwa imeshamwekea reki nzima ya mtumba kwa pesa nyingi. Siku tisa baadaye usukani ukawa mzito tena.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Safari hii umekushika wapi?"

"Pale Gede, nakata kuingia Watamu. Nilikuwa polepole tu."

"Taa iliwaka?"

"Iliwaka palepale. Nikazima, nikawasha, ikapotea."

"Mvua?"

"Hakuna mvua. Gari ndiyo nimeliosha asubuhi yake, na chini wakapiga."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima. Pale hawana mengine."

Mazungumzo hayo yalinifaa kuliko mashine. Yalinipa mambo matatu: uzito ulikuja ghafla na taa, ulikuja wakati usukani unazungushwa sana kwa mwendo mdogo, na ulikuja baada ya maji. Kwa hiyo kila mwenye gari namwomba aweke daftari dogo garini na aandike, kila mara, saa ngapi, gari lilikuwa na moto au baridi, alikuwa anakata kona au amenyoosha, eya kondishena ilikuwa imewashwa au la, barabara ya lami au ya mashimo, na lini gari liliguswa na maji. Mara tano za kuandika hivyo huonyesha njia.

Hivi ndivyo ninavyoyasoma majibu. Taa ikiwaka kwa ghafla kwenye matuta au barabara mbovu, kama ile ya Marafa, nashuku muungo unaotikisika. Ikiwaka asubuhi tu, umande ukiwa bado haujakauka, au siku moja baada ya kuoshwa, nashuku unyevu kwenye soketi. Ikiwaka wakati wa kuegesha, eya kondishena ikiwa juu, taa na feni zote zinazunguka, nashuku umeme hautoshi. Na kama hakuna taa iliyowaka kabisa, ila usukani unazidi kuwa mzito polepole, hilo ni jambo jingine na nitalitenganisha, maana huenda hakuna kilichoharibika.

Anza na betri, hata kama inaonekana nzima

Watu hawapendi kusikia hivi kwa kuwa betri ilipiga stata vizuri. Kupiga stata si ushahidi wa kutosha. Mota ya usukani, gari likiwa limesimama na unazungusha magurudumu, huvuta makumi ya ampea kwa mpigo. Ni mzigo mkubwa, na huja ghafla.

Chukua mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu. Washa injini: alteneta nzima hukupa kati ya volti 13.8 na 14.5. Sasa washa eya kondishena, taa kubwa na hita ya kioo cha nyuma, uiache injini kwenye sailensa, yaani izunguke bila kukanyaga mafuta, mtu mwingine azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho huku wewe unaangalia mita. Volti ikiporomoka chini ya 12 na taa ya usukani ikawaka, umekamata mwizi wa kwanza bila kuingia chini ya gari.

RX-8 ina sababu yake ya pekee ya kuchosha betri. Injini yake ya rotari ikiwashwa na kuzimwa kabla haijapata moto, hujaa petroli, na kuiwasha tena ni kupiga stata kwa muda mrefu. Mtu anayekaa Shela na kufanya kazi mjini huendesha dakika saba, anazima, anawasha tena jioni. Betri haipati nafasi ya kujaa. Iache injini ipate moto sawasawa kabla ya kuizima, na angalau mara moja kwa wiki lipeleke mbali, hata Kilifi na kurudi. Tairi pia zimo katika hesabu hii: tairi pana zenye upepo mdogo huifanya mota ivute ampea zaidi. Fuata presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, si ya kukisia kwa teke.

Waya wa athi na nyaya nene

Betri na alteneta zikiwa salama, angalia njia ya umeme. Hapa nataka msomaji atulie kidogo na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini bolti moja yenye kutu inaweza kuzima usukani.

Tuseme mota inavuta ampea 50. Njiani kuna muungo wenye kutu, ukinzani wake ni omu 0.04 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukipima vizuri. Ampea 50 mara 0.04 ni volti 2. Alteneta inatoa 13.5, kompyuta ya usukani inapata 11.5. Na volti hizo mbili zinageuka joto la wati 100 pale kwenye bolti, sawa na balbu ya zamani ya nyumbani. Ndiyo maana muungo mbovu huwa wa moto ukiugusa baada ya kuegesha mara kadhaa, na ndiyo maana kuupima gari likiwa limezimwa hakukupi chochote. Upime ukiwa unafanya kazi.

Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya injini, kisha kwenye bodi ya gari, kisha kwenye chuma cha reki, huku mwenzako anazungusha usukani injini ikiwaka. Kila mahali usomaji usizidi volti 0.2 hivi. Ukizidi, umepata muungo wa athi, yaani wa njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, unaotaka kufunguliwa, kusuguliwa mpaka chuma king'ae, kukazwa, kisha kupakwa grisi juu. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo: kutoka nguzo chanya hadi fyuzi kubwa ya usukani, na kutoka fyuzi hadi mwisho wa waya. Ikipotea zaidi ya nusu volti, itafute. Usidanganyike na fyuzi ambayo haijakatika. Miguu yake inaweza kuwa imelegea au imeungua kwa ndani, nayo ikawa inashika na kuachia.

Soketi za reki

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na ndipo hitilafu nyingi za RX-8 nilizoziona zilipokuwa.

Kuna soketi za aina mbili. Ile ya mota ina pini nene na hubeba ampea nyingi. Ile ya sensa ni ndogo, pini zake nyembamba kama sindano ya charahani. Mtu akiingia chini huitazama ile kubwa, akiona ni safi hurudisha kila kitu. Lakini ile ndogo ndiyo mbaya. Umeme mkubwa wa mota unaweza kupenya utando mwembamba wa kutu. Umeme wa sensa ni mdogo mno, hauna nguvu ya kuvunja chochote. Utando ambao huuoni kwa macho unatosha kupotosha habari yake, na gari likitikisika pini zinasuguana, zinashika, zinaachia. Kompyuta inaona njia mbili zinapingana, na unajua inachofanya.

Utaratibu wangu ni huu. Chomoa betri, nguzo hasi kwanza. Inua gari mbele, liweke juu ya stendi za chuma. Sitamsikiliza mtu anayeniambia jeki inatosha. RX-8 ina zaidi ya kilo 1,300 na iko chini sana. Toa kinga ya plastiki ya chini. Kabla ya kuchomoa soketi yoyote, safisha nje yake kwa kitambaa kikavu, la sivyo mchanga utaingia ndani ukiifungua. Kisha ifungue polepole, utazame chini ya taa kali, kwa kioo cha kukuzia kama unacho. Ukoga wa kijani ni shaba inayooza. Unga mweupe ni chumvi au kutu ya metali nyingine. Weusi ni joto.

Safisha kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa soketi za umeme na mswaki laini. Usitumie petroli, wala msasa. Pini hizi zimepakwa metali nyembamba juu, na msasa unaiondoa. Gari litapona mwezi mmoja, kisha kutu itarudi kwa kasi zaidi. Ikauke kabisa. Halafu chukua pini ya kiume ya saizi ileile, iingize kwenye kila tundu, usikie kama linashika. Tundu lililopanuka libane kwa sindano. Paka grisi ya silikoni ya umeme, kidogo tu, na nyingi zaidi kwenye mpira unaozuia maji. Grisi ya beringi haifai hapa. Irudishe mpaka usikie mlio wa kufunga.

Usiishie hapo. Fuatilia waya shubiri mbili nyuma ya soketi, uukunje kidogo kwa vidole. Ukiwa mgumu kama umekauka, au ukisikia ukwaruzo ndani, chuna sehemu ndogo ya plastiki utazame. Maji yenye chumvi hupanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili, na shaba inageuka nyeusi mbali kabisa na pale yalipoingilia. Kata mpaka ufike shaba inayong'aa, unga upya, funika kwa mpira wa kunywea kwa joto wenye gundi ndani.

Tukirudi kwa yule kijana: reki yake ya mtumba ilikuwa nzima. Hata ile ya kwanza, aliyoitoa, huenda ilikuwa nzima. Waliomfungia walichomeka soketi ya zamani ya gari, iliyojaa ukoga, kwenye reki nyingine, na ukoga ukahamia pini mpya. Pini mbili za sensa zilikuwa za kijani upande wa gari. Alikuwa amekaa kimya pembeni wakati namwonyesha, akazishika mkononi kwa muda mrefu. Nilijua anapiga hesabu ya pesa yake.

Kuikamata mbele ya macho

Kama soketi ni safi na bado taa inawaka, tafuta mashine inayosoma kompyuta ya usukani. Nasisitiza: ya usukani. Vifaa vingi vya bei nafuu husoma injini tu, vitakwambia hakuna hitilafu, na hilo halina maana yoyote hapa. Mashine ikisoma kodi, yaani alama za hitilafu, zinazoanza na C, imefika mahali panapostahili. Andika kodi kabla ya kuifuta, maana ndiyo inayokwambia kama kompyuta ililalamikia sensa, mota, umeme mdogo, au habari ya mwendo wa gari.

Kisha fungua ukurasa unaoonyesha namba za sensa zikienda. Injini iwake, mtu akae ndani asishike usukani, nawe utikise waya mmoja mmoja kutoka reki hadi inapoingia bodini. Namba zikiruka na hakuna aliyegusa usukani, una waya mkononi mwako. Jihadhari na feni za rejeta unapofanya hivyo, huwaka zenyewe.

Sensa ikithibitika mbovu, kwa kawaida utabadilisha reki nzima, kwa sababu imo ndani yake. Ukinunua ya mtumba, fungua soketi zake uzitazame kabla hujatoa pesa, na uliza imetoka gari la wapi. Reki iliyokaa miaka mingi bara ni bora kwangu kuliko iliyokaa Mombasa. Kompyuta yenyewe ndiyo ya mwisho kushukiwa. Nimeletewa kompyuta nyingi zilizoambiwa ni mbovu, na nyingi zilikuwa zinasema kweli.

Mzito bila taa

Ukizungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi mfululizo, kama mtu anayejipenyeza kuegesha vichochoro vya mji wa kale, mota hupata joto na kompyuta hupunguza msaada kidogo kidogo ili isiungue. Ukipumzika inarudi. Si ugonjwa. Acha tu tabia ya kukaza usukani ukiwa umeshafika mwisho.

Jingine lisilowasha taa ni krosi ya shafti ya usukani, kile kiungo kinachoiwezesha shafti kupinda, iliyoshikwa na kutu. Dalili yake ni ya pekee: katika mzunguko mmoja mzima wa usukani unasikia kuzito mara mbili na kwepesi mara mbili, na baada ya kona usukani haurudi wenyewe. Inua magurudumu ya mbele, zungusha polepole injini ikiwa imezimwa na swichi imefunguliwa usukani usijifunge. Ukisikia hivyo, tatizo si la umeme hata kidogo.

Wenye pampu ya oili

Kwenu nyinyi ni rahisi zaidi. Usukani ukiwa mzito mvua ikinyesha na mlio mkali mwembamba kutoka mbele, mkanda unateleza. Ukiwa mzito asubuhi na kulainika baada ya dakika chache, mpira wa ndani wa reki umeanza kuisha. Kwenye Subaru za zamani, ukisikia pampu inanguruma na oili imejaa povu, usibadilishe pampu kwanza: badilisha kiduara cha mpira kwenye paipu inayoingiza oili pampuni. Hukakamaa kwa miaka na kunyonya hewa, bila kudondosha tone hata moja. Ni mpira wa pesa kidogo sana.

Ikikukuta barabarani

Usizime injini gari likiwa kwenye mwendo ili taa ipotee. Nimesikia vijana wakifundishana hivyo, na wengine wakifanya juu ya daraja la Sabaki. Ukizima, breki nazo hupoteza msaada wake baada ya kukanyaga mara chache, na ukirudisha ufunguo nyuma kabisa na kuuchomoa, usukani unaweza kujifunga. Usukani usio na msaada bado unakata kona. Unataka nguvu tu. Shika kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, washa indiketa zote, tafuta bega la barabara, simama. Ndipo uzime. Ukiwasha ikapona, rudi nyumbani polepole, na ujue inaweza kukata tena kwenye kona inayofuata.

RX-8 ile nyeusi tuliifunga jioni. Kesho yake tulikwenda Mambrui na kurudi mara tatu, eya kondishena juu kabisa, kisha tukaingia njia ya mashimo kwa makusudi. Taa haikuwaka. Nikamwomba asiliguse chini kwa maji ya kisima. Akitaka kulisuuza, atumie maji ya mvua au ya bomba, kwa mpira wa kawaida usio na presha. Tulikubaliana nizifungue tena soketi baada ya miezi sita, kabla masika haijakolea. Alikuja bila kukumbushwa, daftari lake halina kitu tangu siku ile. Pini zote zilikuwa zinang'aa isipokuwa moja ya sensa, ya pembeni, iliyokuwa na unga mweupe kidogo ukingoni. Niliisafisha, nikabadilisha mpira wa soketi, nikamwambia sasa tuonane kila baada ya miezi mitatu.